Sokwe wa kizimbani ana shida gani? Soma dalili, kisha tafuta chanzo

Simu nyingi zinazonifikia hapa Tukuyu huanza hivi: "Shikamoo mama, sokwe wetu mmoja ameanza kung'oa manyoya, tumpe dawa gani?" Anayepiga huwa ni kijana wa Mbeya au Iringa aliyesomea wanyamapori, akapata kazi ya kutunza sokwe mbali na nyumbani. Huku kwetu Mbeya na Iringa hatuna sokwe wa porini. Wa Tanzania wako magharibi, kama Gombe, Mahale na misitu ya Ugalla, na wengine wako kisiwa cha Rubondo ndani ya Ziwa Victoria, ambako mababu zao walipelekwa kati ya 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Lakini kazi ya kuwatunza vijana wetu wanaipata, nami niliifanya miaka kumi na moja nje ya nchi, katika makao mawili ambayo sitayataja. Haya ndiyo majibu ninayoyatoa kwenye simu.

Jibu la kwanza halibadiliki: kabla ya kuuliza dawa, nieleze siku yake inakwendaje. Ameamka saa ngapi, amekula mara ngapi, amekaa na nani, nini kimebadilika ndani ya wiki mbili zilizopita. Sokwe wa porini hutumia karibu nusu ya saa za mchana kutafuta chakula na kukila. Kizimbani chakula chote cha asubuhi kinaweza kuisha kabla chai yako haijapoa. Saa zinazobaki tupu ndizo zinazozaa dalili nyingi nitakazozitaja, na nyingine tunawaletea sisi wenyewe, kwa mafua yetu, ratiba zetu, hata huruma yetu.

Kwa hiyo nunua daftari. Andika saa, jina la mnyama, anachofanya, na nani yuko karibu. Siku tatu za daftari zimenisaidia kuliko vipimo vingi vya maabara.

Anang'oa manyoya

Dalili hii inaumiza kuitazama, maana mkono wa sokwe aliyejinyonyoa hufanana na kuku aliyetoka kuchovywa maji ya moto. Usikimbilie sindano. Angalia kwanza upara uko wapi. Ukiwa pale ambapo mikono yake inafika kwa urahisi, yaani kigasha, mapaja au tumbo, huenda anajinyonyoa mwenyewe. Ukiwa katikati ya mgongo, kuna mwenzake anayemchambua kupita kiasi, na hapo wa kufuatilia ni huyo mwenzake. Ukiwa kwenye viwiko na makalio, tazama sakafu, kwani saruji tupu inasugua. Mzee kupungukiwa nywele kichwani ni umri tu. Kisha daktari aikague ngozi kama ina ukurutu, fangasi, wadudu au kidonda. Ngozi ikiwa safi, rudi kwenye saa za siku yake.

Tulikuwa na jike tuliyempa jina la kwetu, Sekela. Kigasha chake cha kushoto kilibaki ngozi tupu kuanzia kifundo hadi kiwiko. Nilikaa na daftari asubuhi tatu mfululizo. Kuanzia saa moja hadi saa nne hakugusa mkono wake hata mara moja. Ilipopita saa nne tu, alijiegemeza ukutani, akashika unywele mmoja kwa kidole gumba na cha shahada, akauvuta, akautazama kwenye mwanga, akang'ata shina lake, akaenda kwa wa pili. Midomo ilikuwa ikichezacheza muda wote, kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Alifanya hivyo hadi saa sita, milango ilipofunguliwa.

Kumbe mwezi mmoja kabla, mfanyakazi mmoja alikuwa ameondolewa kazini. Usafi wa uwanja wa nje, uliokuwa ukichukua dakika arobaini, sasa ulichukua saa mbili, na sokwe walisubiri ndani kwenye saruji tupu bila kitu cha kushika. Sekela alikuwa akiijaza nafasi hiyo kwa mkono wake.

Tulichobadilisha hakikuwa na gharama kubwa. Chakula cha siku kilekile tulikigawa mara tano badala ya mbili. Sakafu ya ndani tuliifunika nyasi kavu hadi kimo cha kifundo cha mguu, tukamwagia alizeti na bisi humo, wakawa wanatafuta punje mojamoja. Na tuliwapa mianzi. Hapa vijana wa Iringa mna bahati, kwenu mwanzi mnaujua tangu utoto. Kata pingili nene, acha kifundo kimoja kiwe kitako, toboa matundu mawili ubavuni, jaza uji mzito uliochanganywa na asali kidogo, ning'iniza nje ya wavu. Sokwe atatafuta kijiti, atakichonga kwa meno, atachovya. Ni ustadi uleule wa kuvua mchwa kwa vijiti ambao Jane Goodall aliuona Gombe mwaka 1960. Mwanzi ukipasuka, utoe mara moja, maana ncha zake hukata kama wembe.

Sekela alipunguza kujinyonyoa ndani ya miezi minne. Hakuacha kabisa, na sehemu ya mkono ule haikuota nywele tena. Mwambie bosi wako ukweli huo mapema: tabia iliyokaa muda mrefu hubaki hata chanzo kikiondoka, kwa hiyo wahi.

Anatapika kisha anakula matapishi

Tofautisha. Anayeumwa hutapika ghafla, hujikunyata, na harudii alichokitoa. Mwenye tabia huinama taratibu, hutoa chakula sakafuni au mkononi, akakila tena, na anaweza kurudia mara nyingi kwa saa moja. Wa kwanza ni wa daktari. Wa pili, angalia sahani yake. Mara nyingi utakuta vyakula laini na vitamu vinavyomezwa haraka: ndizi mbivu, mkate, maziwa, maembe.

Watu hushangaa nikisema ndizi zipunguzwe. Tunda la shambani limekuzwa na binadamu liwe tamu. Matunda ya porini yana nyuzi nyingi na sukari kidogo, na sokwe huyatafuna muda mrefu. Weka mboga za majani ziwe nyingi kuliko vyote: chainizi, figiri, majani ya maboga, kabichi. Ongeza matawi mabichi ya miti ambayo mtaalamu amethibitisha kuwa haina sumu, ayamenye magome mwenyewe. Nilichokiona mimi ni kwamba sokwe mwenye tawi mkononi mara baada ya mlo hutapika kidogo sana, kwa sababu mdomo una kazi.

Kula kinyesi wala kusikutishe kiasi hicho. Wengine huwa wanachokoa mbegu ambazo hazijasagika, na wengine wamejifunza kwa wenzao. Andika kwenye daftari, ongeza kazi ya kutafuta chakula, pima minyoo. Tabia hiyo ikianza ghafla kwa mnyama ambaye hakuwa nayo, uliza nini kimebadilika.

"Anacheka" mbele ya wageni

Hii hakuna anayenipigia kuiulizia, kwa sababu wanadhani ni furaha. Sokwe anayeonyesha meno yote, ya juu na ya chini, ufizi ukiwa wazi na midomo imevutwa nyuma, ameogopa. Anayecheza hufungua mdomo ukalegea, na meno ya juu hubaki yamefunikwa na mdomo wa juu. Jifunze tofauti hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kisha simama karibu na wageni ukaihesabu siku nzima.

Nilipofanya hivyo kwa dume mmoja kijana, nikagundua meno yanatoka kila kikundi cha shule kinapofika kwenye kona moja. Pale kona wageni walisimama juu ya ngazi, wakawa juu ya kichwa chake, naye hakuwa na pa kujificha. Tulifunga ngazi, tukapanda matete, tukaweka ukuta wa magogo nyuma ya mti wake. Watoto waliendelea kuja kama kawaida, meno ndiyo yaliyoacha kutoka.

Kurusha kinyesi na mawe nako kunaanzia kwa watu. Kabla hajarusha, nywele zitasimama, midomo itabanwa, mwili utaanza kuyumba. Wageni wakipiga kelele na kukimbia, amepata alichotaka na kesho atarudia. Wasogeze nyuma kimyakimya mara tu nywele zinaposimama.

Kikohozi, kamasi, uvivu wa ghafla

Hapa sina subira, na naomba nawe usiwe nayo. Sokwe akianza kukohoa, muulize kwanza mtunzaji: nani kati yetu alikuwa na mafua wiki hii? Magonjwa yetu ya njia ya hewa huwaingia kirahisi, na mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kumuua yeye. Katika msitu wa Taï, Ivory Coast, watafiti walithibitisha hilo kwa vipimo na kuchapisha matokeo mwaka 2008: virusi vya kawaida vya binadamu viliua sokwe wa porini. Gombe nako, mwaka 1966, sokwe walipatwa na polio, wengine wakafa na wengine wakabaki walemavu. Ndiyo maana ukienda Mahale leo unavaa barakoa na kukaa umbali wa mita kumi.

Ugumu uko kwenye desturi zetu. Sisi kwetu mtu hakosi kazini kwa mafua, tena akikosa anaonekana mvivu. Kijana mmoja kutoka Makete alikuja kazini akikohoa kwa kuogopa kukatwa mshahara, akaandaa chakula cha sokwe saba. Siku ya nne watatu walikuwa wanapumua kwa taabu. Tuliwauguza wiki mbili, mmoja, jike mzee, hakupona. Sikumlaumu yule kijana. Aliyeweka kanuni ya kukata mshahara ndiye aliyefungua mlango. Makao yoyote ya sokwe yampe mtunzaji mgonjwa ruhusa yenye malipo, yampime kifua kikuu kabla ya kumwajiri, na yamchanje. Barakoa na sabuni ziwe jikoni kwa wanyama kama zilivyo hospitalini.

Mgonjwa tayari unaye? Mpe vimiminika vya uvuguvugu, matandiko mengi, na usimtenge na kundi mpaka daktari aseme, kwa sababu waliolala chumba kimoja naye wameshavuta hewa ileile. Hesabu pumzi zake kwa dakika akiwa amelala, uandike. Dawa ya usingizi kwa mnyama mwenye mapafu mabovu ni hatari, kwa hiyo sokwe aliyefundishwa kuleta mkono kwenye wavu na kupigwa sindano kwa hiari, kwa kulipwa zabibu, ana nafasi kubwa ya kupona. Mafunzo hayo yaanze angali mzima.

Baridi

Aliyelelewa Uyole au Njombe anaijua Julai. Sokwe ni mnyama wa joto, na ndani ya banda la kulala nyuzi zisishuke chini ya 18 za Selsiasi. Dalili zake: hatoki asubuhi, anajikunja magoti kifuani, wawili wasiopatana wanalala wamekumbatiana. Dawa ni matandiko. Porini kila sokwe mkubwa hujenga kiota kipya cha matawi juu ya mti kila jioni, na kizimbani atajenga pia ukimpa vya kujengea. Majani makavu ya migomba yanafaa sana, tena Tukuyu hayanunuliwi. Weka na rafu ya mbao juu, maana wanapenda kulala juu. Lakini msiingize jiko la mkaa. Kila mwaka tunasikia familia iliyolala na jiko ndani ikakutwa asubuhi imekufa. Hewa ya mkaa haichagui mtu na sokwe.

Kuhara

Mara nyingi ni matunda mengi kwa ghafla, hasa msimu wa maembe. Punguza matunda, mpe maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha nguvu. Kinyesi kikiwa na damu au kamasi, au kuhara kukidumu zaidi ya siku moja, peleka sampuli maabara siku hiyohiyo, kwani bakteria wa kuhara damu huambukiza kutoka kwao kuja kwetu na kutoka kwetu kwenda kwao. Vaa glavu.

Wenyewe wana tiba zao. Mwaka 1987 kule Mahale, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtanzania aliyeijua miti ya Watongwe, wenyeji wa huko, na mtafiti Michael Huffman walimwona jike mgonjwa akimenya mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso, akatafuna kiini na kumeza maji yake. Watongwe hutumia mti huohuo kwa tumbo. Mzee Mohamedi ndiye aliyeutambua, na ninapenda vijana wetu walijue jina lake.

Wanapigana

Kelele nyingi zenye damu kidogo ni maisha ya kawaida ya sokwe. Usiingilie kila ugomvi. Jike anapovimba nyuma, jambo linalorudi takriban kila siku 36, madume huwa wakali kwa siku kadhaa. Weka tarehe kwenye daftari usije ukashangaa. Chakula kikimwagwa rundo moja, mkubwa atakalia, wadogo watapigwa. Kitawanye mahali pengi kuliko idadi yao.

Kinachosababisha majeraha mabaya ni chumba chenye mlango mmoja. Anayefukuzwa akifika ukutani hana pengine pa kwenda. Kila chumba kiwe na milango miwili, kila uwanja uwe na njia ya kuzunguka, na kuwe na kitu cha kumficha mtu machoni pa mwenzake. Kama banda lako halina hivyo, hilo ndilo ombi la kwanza la bajeti, kabla ya rangi na bango. Mtaro wa maji usiutegemee kama uzio salama pia. Sokwe haogelei, huzama.

Mwenye kidonda usimtoe haraka kwenye kundi. Vidonda vyao hupona vizuri kuliko unavyotarajia, ila ukimtenga wiki tatu unaweza kukuta nafasi yake imechukuliwa na itabidi umrudishe upya kupitia wavu, siku kwa siku. Mtenge kama mfupa umevunjika, kama hataki kula, au kama wanamfuata kumshambulia tena.

Na mtu asiingie ndani na sokwe mkubwa, hata aliyemnywesha chupa. Wala vidole visipite kwenye wavu. Nimeona mkono wa mwenzangu aliyesahau kwa sekunde moja.

Dume mnene, anayechoka

Dume wa miaka thelathini na kuendelea anayekaa chini katikati ya safari fupi, aliyeacha kupanda, aliyevimba miguu, mpimeni moyo. Magonjwa ya moyo yanaongoza kuua sokwe wakubwa walio kizimbani, mara nyingi misuli ya moyo ikiwa imegeuka makovu, na wengine huanguka bila dalili yoyote. Punguza unene, fundisha kuegemeza kifua kwenye wavu ili daktari apitishe kipimo. Zaidi ya hapo, mfuate daktari.

Mtoto anajiyumbisha, ananyonya kidole

Mtoto wa sokwe hunyonya mpaka miaka minne au mitano, na muda mwingi wa utoto wake yuko mwilini mwa mama. Aliyeletwa kizimbani kutoka kwa walanguzi mara nyingi mama yake ameuawa mbele yake. Akijikumbatia na kuyumba, anajifanyia kile ambacho mama angemfanyia. Mbebe, ndiyo, mchana na usiku kwa wiki za mwanzo, kwa maziwa ya watoto wachanga na jua la asubuhi, maana anayefungiwa ndani hupata matege. Ila lengo la siku ya kwanza liwe kumpatia sokwe mwenzake. Anayelelewa na watu tu hukua bila kujua kusalimia, kuomba radhi wala kulea wa kwake.

Na yule tumbili wa mnyororo

Sehemu hii nawaandikia majirani zangu. Hapa Mbeya na Iringa sokwe hamna, lakini nimemwona tumbili aliyefungwa kiunoni kwenye nguzo ya kilabu, amezunguka duara moja mpaka ardhi imechimbika, wateja wanamnywesha ulanzi na kumwita mchekeshaji kwa sababu anaonyesha meno. Umeshasoma maana ya meno hayo. Anang'oa manyoya ya mkia, anang'ata mkono wake, anayumba. Dalili ni zilezile za Sekela, na chanzo ni kilekile.

Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Na kwa mtoto wa kima aliyetoka msitu wa Rungwe au Kitulo, tazama vizuri: anaweza kuwa kipunji, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimsimulia zamani, na ambaye hapatikani popote duniani nje ya Tanzania.

Usimfungulie ukamwachia kwenye pori la Loleza. Hajui kutafuta chakula, kundi la huko litamwua, na magonjwa ya watu atayabeba kwenda nayo. Mpigie ofisa wanyamapori wa halmashauri yako. Wakati unamsubiri, ongea na mwenye kilabu kwa heshima: amhamishie kivulini, alegeze mnyororo uliokaza kiunoni, amwekee maji safi, boksi la kujifichia na matawi mabichi, na awazuie wateja kumpa pombe. Andika tarehe ya kumpigia ofisa. Wiki ikipita bila mtu kuja, piga tena, kisha nenda mwenyewe ofisini na daftari lako.